Nipe Mji: Fumbo la Riwaya za Mwisho za Kezilahabi

Nakala yangu ya riwaya ya Nagona niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba kando ya barabara, Mwanza, na mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanafunzi. Penseli ndiyo inayomsema. Ukurasa wa kwanza umepigiwa mistari chini ya karibu kila sentensi, na pembeni ameandika "ishara", "taswira", "dhamira?". Kurasa mbili mbele: "upweke?". Mbele tena: "huyu nani?". Halafu, kabla hata ya robo ya kitabu, kuna neno moja tu, "mh!", na kutoka hapo mpaka jalada la nyuma penseli haikugusa karatasi tena.

Namwelewa sana. Nimekutana na watu wengi waliompenda mwandishi wake, Mtanzania Euphrase Kezilahabi, kwa sababu ya riwaya yake ya Rosa Mistika, wakamheshimu kwa Kichwamaji, kisha wakafungua Nagona wakajiona kama wageni waliofungiwa mlango na ndugu yao. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, ana namna yake ya kulisema jambo hili. Mwaka 1988 Kezilahabi alitoa diwani ya mashairi aliyoiita Karibu Ndani; mwaka 1990 akatoa Nagona. "Katualika," anasema mwalimu, "tulipofika barazani akazima taa." Upande wa pili wapo wanaoamini kwamba riwaya ya Kiswahili ilibaleghe siku Nagona ilipotoka. Mimi nimekaa katikati ya hawa wawili kwa miaka, na pale katikati hapana raha, kwa kuwa kila upande unakuona msaliti.

Kwanza tuuweke wazi ugumu wenyewe, maana kitabu hiki hulaumiwa hata kwa makosa yasiyo yake. Msamiati si mgumu. Mtu wa darasa la saba anaweza kusoma sentensi yoyote ya Nagona kwa sauti bila kujikwaa. Sentensi ni fupi na vitenzi ni vya kila siku: mtu anatembea, anaona, anauliza, anajibiwa, anaondoka. Tenzi za kale zitakulazimisha kushika kamusi kuliko kitabu hiki. Wala si kirefu, kwani Nagona na mwenzake Mzingile, kilichotoka mwaka 1991, kila kimoja hakifiki kurasa mia. Unaweza kuvimaliza vyote viwili kati ya adhuhuri na magharibi.

Kinachogoma ni uzi. Katika Nagona msimulizi hana jina, ni "mimi" tu. Anaingia katika mji uliopoa, mji wa watu ambao ukimya wao unatisha kuliko kelele. Anahangaika kumfuata paa asiyekamatika. Anasikia habari za mkombozi wa pili na za siku ya Ngoma Kuu. Wanaingia wanafalsafa waliokufa zamani, wakiwemo Plato, Marx na Nietzsche, wanazungumza kana kwamba wamekutana kijiweni. Tukio moja halizai jingine kama tulivyozoea. Unafika mahali, mahali panayeyuka, unajikuta pengine. Mzingile inaendeleza safari hiyo: kuna Kakulu, mtoto aliyezaliwa kwa miujiza kama mashujaa wa ngano, kuna msiba ambao habari zake lazima zifikishwe kwa mzee mmoja wa ajabu, kuna dunia iliyoharibika na watu wachache wanaobaki kuanza upya. Jina lenyewe linatoa onyo. Mzingile, au mzingile mwambiji, ni ile njia ya kuzunguka na kupotea ambayo kila pembe inafanana na uliyotoka.

Sasa fikiria mwanafunzi wetu wa penseli. Shuleni alifundishwa kuisoma riwaya jinsi afisa wa forodha anavyokagua mzigo: fani huku, maudhui huku. Chini ya fani weka muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Chini ya maudhui weka dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo wa mwandishi. Ukishajaza visanduku vyote umeielewa riwaya, na mtihani utakulipa. Nimewahi kukaa na karatasi nikajaribu kuijazia Nagona visanduku hivyo. Mhusika mkuu: mimi. Jina: hana. Umri: haijulikani. Mandhari: mji, msitu, njia, mahali. Nchi gani? Haikutajwa. Wakati gani? Nikaacha wazi. Mgogoro: kati ya mtu na... Hapo kalamu ilisimama, nikaenda kuchemsha chai. Msimamo wa mwandishi ndio usiseme. Kila sauti inayodai kuwa na msimamo katika kitabu hiki, baada ya muda kidogo inapingwa au inachekwa.

Ni vizuri kukumbuka kwamba vile visanduku Kezilahabi alivijua kutoka ndani. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe, akapita seminari ya Nyegezi, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, kisha akafundisha hapohapo. Tasnifu yake ya uzamili ilimhusu Shaaban Robert. Riwaya zake za mwanzo zinajaza visanduku bila shida. Rosa Mistika (1971) ina Zakaria, baba mlevi na mkali, na binti anayepigwa kwa ajili ya barua ya mvulana aitwaye Charles. Ukimaliza unajua kilichomharibu Rosa, na ukitaka unaweza kukiandika kwa mistari mitatu. Kitabu kiliwahi kuzuiwa mashuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyoelezwa waziwazi, kisha baadaye kikawa kinasomwa na wanafunzi hao hao. Kichwamaji (1974) inachimba zaidi. Kazimoto, kijana msomi, anafika mahali haoni sababu ya kuishi, na anajiua. Hapa tayari kuna ule mtazamo wahakiki wanaouita udhanaishi, yaani mtu kutupwa duniani bila maelezo na kuachiwa atafute maana mwenyewe. Lakini Kazimoto ana kijiji, ana ndugu, ana mke. Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zinaingia katika Ujamaa moja kwa moja, zinaonyesha watu wanavyobanwa na siasa ya vijiji.

Baada ya Gamba la Nyoka, miaka 11 inapita bila riwaya mpya kutoka kwake. Nadhani jibu la swali letu, kwa nini aliiacha njia hiyo, au sehemu kubwa ya jibu, limelala ndani ya miaka hiyo.

Mambo mawili yalitokea. La kwanza ni la nchi. Riwaya nyingi za Kiswahili za miaka ya 70 ziliandikwa katika kivuli cha Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hata mwandishi aliyelipinga alijua anapinga nini, kwa sababu jibu la swali "tuishije?" lilikuwa limebandikwa ukutani, nawe ukachagua kulisifu au kulikwaruza. Kufikia katikati ya miaka ya 80 karatasi ile ilikuwa imebanduka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina, maduka yalikuwa matupu, sabuni ilikuwa ya foleni, Mwalimu Nyerere aliondoka Ikulu mwaka 1985, na mwaka uliofuata serikali ikatia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Riwaya iliyozoea kubishana na jibu ilibaki inabishana na ukuta.

La pili ni la Kezilahabi mwenyewe. Alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, na mwaka 1985 akamaliza shahada ya uzamivu kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Neno la kushika hapo ni kufasiri. Mtu huyu alitumia miaka akijiuliza hasa lile swali linalomsumbua mwanafunzi wa penseli, kwamba kuelewa kitabu ni kufanya nini, na nani alituchongea vipimo tunavyotumia? Alitilia shaka tabia ya kuchukua vipimo vilivyotengenezwa kwingine na kuipima navyo fasihi ya Kiafrika kana kwamba ni vya kila mtu. Aliporudi na kuandika Nagona hakuwa mwandishi aliyesahau kusimulia hadithi. Alikuwa ametengeneza kitabu kinachokataa kukaguliwa.

Hapa ndipo mchezo wa vitendawili unaponisaidia kuliko nadharia yoyote. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitika "Tega!", naye anatega. Watu wanakisia, wanakosa, wanakisia tena. Wakishindwa, mtegaji anadai: "Nipeni mji." Wanampa, tuseme Tabora. Naye anatamba: nilikwenda Tabora, nikapokewa kwa shangwe, nikala, nikanywa, nikavishwa, na kila mtu akaniuliza jibu ndilo nini, ndipo analitoa. Kuna haki katika mchezo huu. Anayeshindwa hulipa mji, na mji hununua jibu. Kusadikika ya Shaaban Robert, ile nchi iliyo hewani tuliyoisoma tangu mwaka 1951, inafuata haki hiyo: ni fumbo, lakini kila aliyewahi kuishi chini ya watawala wasiopenda kuambiwa ukweli analijua jibu kabla ya kurasa kumi. Kezilahabi katika Nagona anatega, sisi tunashindwa, tunampa mji. Yeye anaingia mle mjini, anakuta kimya, na jibu hatoi. Anatuita tuingie naye.

Nikiusema hivyo, hasira ya wasomaji inaeleweka, na wala sioni kuwa ni ya wajinga. Wanahisi kanuni ya mchezo imevunjwa. Rafiki yangu mwalimu hapendi nisemapo kwamba huenda kanuni ndiyo mada yenyewe. Wahakiki wengi wanamsoma yule paa anayefukuzwa kama ukweli. Sawa. Ila kama paa ni ukweli na kila anayemshika anashika upepo, basi riwaya ambayo mwishoni ingemkamata, ikamfunga kamba na kumpeleka kwa mwalimu wa fasihi iwe dhamira namba moja, ingekuwa imejisaliti. Mambo haya huja pamoja: ukitaka kusimulia kwamba majibu makubwa yamekufa, huwezi kusimulia kwa hadithi yenye jibu kubwa. Umbo limebeba hoja. Hata wataalamu hawakukubaliana ni umbo gani. Mikhail Gromov, mhakiki Mrusi, mwaka 1998 aliandika makala ambayo kichwa chake tu kinauliza kama vitabu hivi ni riwaya, ngano au mafumbo.

Utetezi wangu unaishia hapo, au niseme unaanza kuchechemea hapo.

Kuna kinaya ambacho wapenzi wake hawapendi kukitazama. Mwaka 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyo na vina wala mizani, na akawasha moto ambao haukuzimika kwa miaka. Wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, walimwona anaharibu nyumba ya wazee. Washairi wenzake kama Mulokozi na Kahigi walisimama upande wa mabadiliko. Hoja yake wakati ule, katika utangulizi wa diwani hiyo, ilikuwa ya kumkaribia msomaji: ushairi utumie lugha ambayo watu huitumia katika mazungumzo yao ya kila siku. Alitaka kuutoa ushairi mikononi mwa mabingwa wachache wa bahari na vipande. Miaka 16 baadaye ni yeye aliyetoa riwaya ambayo bila bingwa wa kukushika mkono wengi hawavuki nayo robo. Lugha ni ya kila siku kweli, hilo hakulivunja. Ila mazungumzo ya kila siku yana kitu kingine zaidi ya maneno mepesi. Yana kujali kama mwenzako bado yupo nawe.

Na kuna wale wanafalsafa. Nimesikia wanavyotetewa: kwamba Kezilahabi anawaleta Plato na Nietzsche katika ngoma yetu, juu ya udongo wetu, ili wacheze kwa midundo yetu wapungue ukubwa. Ni utetezi mzuri, na kwa msomaji aliyewahi kukaa darasa la falsafa unafanya kazi. Atacheka mahali pa kuchekea. Kwa asiyekaa darasa hilo, Nietzsche ni jina gumu kutamka lililopita. Hapunguzwi ukubwa, kwa sababu hakuwa na ukubwa wowote kwake tangu mwanzo. Mzaha unaohitaji cheti si mzaha wa kijiweni. Na mtu aliyeandika tasnifu ya kutilia shaka vipimo vya kigeni alipaswa kuona kwamba katika kurasa hizo amemwachia msomaji wa Nansio, huko kwao Ukerewe, ufunguo uliobaki Athens na Ujerumani.

Nililijaribu jambo hili nyumbani bila kukusudia. Shangazi yangu, mtu wa visiwani, alikuwa anapepeta mchele uani, mimi nimekaa kwenye kigoda na Mzingile mkononi. Akaniuliza nasoma nini. Nikamsomea mwanzo, habari za kuzaliwa kwa Kakulu. Ungo ulipunguza mwendo.

"Huyo ni wa kwetu," akasema. "Kakulu. Mkubwa huyo. Mzee aliyezaliwa mzee."

Sikuwa nimemweleza chochote. Ile -kulu ya lugha za ziwani, ukubwa na uzee, aliisikia kwenye jina kabla sijamaliza aya. Miujiza haikumsumbua hata kidogo. Hakuniuliza inawezekanaje, wala ni ishara ya nini. Watoto wa ajabu wamejaa katika ngano alizolelewa nazo, na kwake hadithi ilikuwa imeanza kama inavyotakiwa. Nilipopumzika akaniambia, "Endelea basi, baba, mbona unanikatia njiani?" Nikaendelea mpaka mchele ukaisha.

Nikapata tamaa. Jioni nilimletea Nagona, nikamsomea sehemu ya wanafalsafa. Alisikiliza kwa adabu yote ya shangazi kwa mtoto wa kaka yake. Baadaye kidogo nilisikia anakoroma.

Naupenda ushahidi huu ingawa najua ni wa mtu mmoja na uani pake. Sehemu zilizosemekana ni ngumu mno, za miujiza, mahali pasipo jina, wakati usiohesabika, zilimwingia moja kwa moja mtu ambaye hakuwahi kusoma riwaya hata moja. Sisi tuliosoma ndio tuliofundishwa kuzionea shaka. Uhalisia, ile namna ya kusimulia inayotaka kila mtu awe na anwani na kila tukio liwe na sababu, tuliupokea pamoja na ubao na chaki, tukasahau kwamba kuna njia ya zamani zaidi. Wanaouita mtindo wa Nagona uhalisiajabu, yaani uhalisia uliochanganywa na miujiza, na kuutafutia asili Amerika Kusini wanaruka kijiji kizima cha wasimulizi. Ila usingizi wa shangazi nao ni ushahidi, na siwezi kuchukua nusu inayonifaa nikaiacha nusu ya pili. Kitabu kinapumua kwa mapafu mawili, la ngano na la chuo kikuu, na si kila mahali yanapumua pamoja.

Lalamiko langu kubwa, hata hivyo, haliko kwenye ugumu. Ni kwamba katika Nagona hakuna wa kumlilia. Rosa anapopigwa na Zakaria, mgongo wako unasikia. Kazimoto unaweza kumchukia, ukamwonea huruma, ukataka kumshika shati umzuie. Yule "mimi" wa Nagona anapita katika mambo ya kutisha kuliko yote hayo, na mimi msomaji namtazama kama mtu aliye upande wa pili wa kioo. Anawaza vizuri. Sijui anaogopa nini usiku. Wapo watakaosema ndivyo inavyotakiwa, kwamba yeye si mtu mmoja, ni mtu kwa jumla, na mtu kwa jumla hana mgongo wa kupigwa. Nimekubali hoja hiyo mara nyingi mezani, halafu nikirudi kitandani na kitabu naikataa. Mtu kwa jumla nimemfahamu kupitia watu mmojammoja tu, Rosa akiwa mmojawao.

Tena nadhani hata mwandishi alilihisi pengo hili, kwa sababu Mzingile ina joto zaidi. Kuna safari ya kupeleka habari ya msiba. Hili kila mmoja wetu analijua mwilini: kutumwa kwa wafiwa, kutembea huku unapanga maneno, ukifika unajikuta unaulizwa habari za njiani na wewe unajibu "nzuri". Mwandishi anaichukua kazi hiyo ya kibinadamu kabisa, anaiweka katika nchi ya miujiza, na ghafla ukungu wote una sababu. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi huwa namwambia avunje mpangilio. Anza na Mzingile, usome sura ya Kakulu kwa sauti, kwa mtu mwingine kama yupo. Usiwe na penseli. Ukipotea, endelea, kwa sababu ukirudi nyuma kutafuta mahali ulipopotelea utakuta hapapo. Halafu urudi kwenye Nagona ukiwa umeshazoea giza, nayo isome kwa kikao kimoja, kwa kuwa ukiifunga leo ukaifungua baada ya wiki utakuwa umeanza kitabu kingine.

Mlango ule, uwe ulifungwa au ulifunguliwa, wengi walipita baada yake. Katama Mkangi wa Kenya na Walenisi (1995), William Mkufya na Ziraili na Zirani (1999), Said Ahmed Mohamed na Babu Alipofufuka (2001), Kyallo Wadi Wamitila na Bina-Adamu! (2002): wafu wanaozungumza, nchi zisizo kwenye ramani, safari zinazoanza bila kuaga. Sisemi wote walimwiga; Mohamed alikuwa bwana wa mafumbo kwa njia zake mwenyewe. Ila ni vigumu kuwaza vitabu hivyo vingepokewaje kama wasomaji wasingekuwa wameshakasirishwa na Nagona kwanza. Baadhi yao, kwa maoni yangu, walichukua uhuru alioutafuta Kezilahabi na kuurudishia vile ambavyo yeye aliviacha, yaani kicheko cha wazi, mwovu anayetambulika, na mgongo unaouma. Bina-Adamu! inamtega msomaji kila ukurasa, na bado inamjali.

Kezilahabi mwenyewe hakuandika riwaya nyingine baada ya Mzingile. Alihamia Botswana, akafundisha chuo kikuu huko kwa miaka mingi, akatoa diwani ya Dhifa mwaka 2008, na akafariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Waliokuwa wakisubiri kitabu cha tatu kitakachofungua mafundo ya viwili vya mwanzo walisubiri karibu miaka 30.

Mwaka jana nilimwazima rafiki yangu mwalimu ile nakala yenye penseli pamoja na Mzingile, nikamwomba ajaribu tena kwa utaratibu wangu. Amenirudishia vyote viwili juzi. Nilimuuliza imekuwaje. Akasema Mzingile ameimaliza, mara mbili, na hataki niifanye sherehe. Nagona je? Akaangalia pembeni akaanza habari za bei ya sangara. Nilipofika nyumbani nikakuta tiketi ya kivuko imebanwa katikati ya Nagona, kurasa nyingi mbele ya pale mwanafunzi alipoandika "mh!". Nimeiacha palepale, maana anasema huenda akakihitaji kitabu tena Pasaka.